Kawawa, "boi" na mlinzi wa getini

Wadau, mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Kwenye vibanda umiza vya huku hadi Geita, nimeona komedi nyingi za Bongo ambamo mlinzi au hausigeli anapewa lafudhi yetu ili watu wacheke.

Mambo haya ni ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Wazungu kutoka Afrika Kusini ilitengeneza Muhogo Mchungu, Rashidi Kawawa akiigiza mshamba aliyeingia mjini. Enzi hizo mtumishi Mwafrika, hata mwenye mvi, aliitwa "boi".

Lakini mwaka 1955 Kawawa akawa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1956 watumishi wa majumbani na mahotelini Dar waligoma.

Mkoloni kaondoka, kicheko kimebaki. Sasa tunamcheka nani?