Waliolinda Mipaka ya Mau

Jumuiya ya Wanyamapori ya Afrika Mashariki ilizaliwa mwaka 1961, na kwa muda mrefu ilitambulika kwa kutetea tembo na faru. Kwa wakazi wa Kericho na Bomet, hata hivyo, mchango wake mkubwa ulipitia ramani na sheria. Katika miaka ya 1990 Jumuiya ilianza kulea kikundi kazi cha misitu ya Kenya, KFWG, kilichowakutanisha wanasayansi, wanasheria na vyama vya wananchi. Wakati huo waziri aliweza kuumega msitu kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, baada ya notisi ya siku 28 tu. Hivyo ndivyo msitu wa Mau ulivyopoteza zaidi ya hekta 60,000 mwaka 2001, zaidi ya 22,000 kati yake zikiwa Mau Kusini-Magharibi, jirani kabisa na mashamba ya chai. KFWG ilipinga, na ikashindwa.

Haikukata tamaa. Pamoja na mashirika mengine ilikagua msitu kwa ndege na kuchapisha ushahidi wa uharibifu, huku ikidai sheria mpya. Sheria ya Misitu ya 2005 iliweka sharti kwamba mpaka wa msitu usibadilishwe bila tathmini ya mazingira, maoni ya wananchi na idhini ya Bunge. Ikavitambua pia vyama vya misitu vya jamii. Naiona kinga hii kuwa na thamani kuliko miche yoyote iliyopandwa kwa sherehe, kwa sababu mito ya Itare na Kiptiget hutoka Mau kulisha mto Sondu, wenye mtambo wa megawati 60 huko Sondu-Miriu, na Nyangores hupita Bomet kuelekea Mara. Chai yenyewe huhitaji mvua na ubaridi wa msitu huo, ambao pia ni miongoni mwa makazi machache ya bongo wa mlimani, swala aliye hatarini kutoweka.

Wapo wanaouliza: je, Wakipsigis wa Kericho na Bomet walionyang'anywa ardhi enzi za ukoloni waendelee kubanana ili miti istawi? Dhuluma hiyo ni ya kweli. Lakini sehemu kubwa ya ardhi iliyochukuliwa iko chini ya mashamba makubwa ya chai. Kuilipa kwa msitu ni kumtoza deni asiyekopa. Hoja ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, ni nzito zaidi. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba uhifadhi haukuhalalisha kuwafukuza kutoka Mau. Watetezi wa msitu hawana budi kuikubali hukumu hiyo yote, na kuwaita Waogiek mezani kabla ramani yoyote mpya haijachorwa.