Namba Hizi ni za Nani? Ubishi wa Kibirizi na Safari Mbili za Tarakimu

Kama umewahi kusubiri boti Kibirizi, unajua kwamba kusubiri kwenyewe ni kazi. Watu wanakaa juu ya magunia, dagaa wananukia, wabeba mizigo wanapita wakipiga kelele "njia, njia!", na ubishi unaanza wenyewe.

Likizo iliyopita ubishi ulianzia kwenye simu. Kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne alituonyesha picha aliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Tarakimu 1 hadi 9 zimechorwa kwa mistari iliyonyooka, na kila pembe imewekewa kidoti. 1 ina pembe moja, 2 ina pembe mbili, 3 ina tatu, hadi 9 yenye pembe tisa. 0 ni duara, haina pembe. Chini yake imeandikwa kwamba hiyo ndiyo siri ya namba za Waarabu.

Mzee mmoja wa Ujiji, mwalimu wa madrasa, alivaa miwani, akaitazama, akacheka. "Mjukuu wangu, hizo siyo namba za Kiarabu. Za Kiarabu nafundisha mimi." Akaokota kijiti, akaandika mchangani: ٤ ٥ ٦ ٧. "Hizo za kwenye simu yako ni za Wazungu."

Mama mmoja mnunuzi wa dagaa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Za Waarabu, za Wazungu, mimi zinanihesabia laki zangu tu."

Kijana akafunga simu yake akasema, "Ndiyo maana hesabu nilikuwa napata ziro. Haya mambo ni ya watu, siyo yetu."

Boti ilijaa kabla sijamjibu vizuri. Jibu lenyewe ndilo hili.

Tuanze na pembe

Ile picha inavutia, lakini ni uongo. Angalia 7 yake: ili ifikishe pembe saba imebidi iongezewe kistari katikati na kitako chini. 9 imekunjwa mkia kama konokono. Kwanza mtu alijua jibu analotaka, kisha akachora namba ya kulifikia.

Tarakimu zetu zina kumbukumbu, na tunaweza kuzifuata nyuma hatua kwa hatua. Katika mwandiko wa kale wa India uitwao Brahmi, moja ilikuwa mstari mmoja wa kulala, mbili mistari miwili, tatu mistari mitatu. Watu walipoandika haraka bila kuinua kalamu, ile mistari ikaungana. Miwili ikawa kitu kama 2, mitatu ikawa kitu kama 3. Jaribu mwenyewe: chora mistari miwili ya kulala, mmoja juu ya mwingine, upesi upesi bila kuinua mkono. Umeona? Kuanzia nne kwenda juu alama zilikuwa za namna nyingine, na hakuna aliyekuwa anahesabu pembe.

Kwa hiyo asili ni India. Lakini kilichobadilisha dunia hakikuwa maumbo ya alama. Kilikuwa utaratibu wa nafasi.

Mahali patupu

Chukua 27, 207 na 270. Alama ni zilezile, 2 na 7, lakini kama ni magunia ya dagaa, tofauti yake ni mtaji mzima. 2 inabadilika thamani kwa kubadilisha kiti: hapa ni makumi mawili, pale ni mia mbili. Sasa kiti kikiwa hakina mtu tunafanyaje? Ukiacha pengo tu, msomaji anaweza asilione. Lazima kuwe na alama inayosema, "Hapa pana nafasi, ila hamna kitu."

Wahindi waliiweka alama hiyo. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kufanya hesabu na sifuri kama namba kamili: namba ukiitoa kwenye namba hiyohiyo, unabaki na sifuri. Katika hekalu moja la Gwalior, India, kuna maandishi ya mwaka 876 yaliyochongwa ukutani. Yanaeleza bustani iliyotolewa kwa hekalu, upande mmoja una urefu wa mikono 270, na mashada 50 ya maua ya kila siku. Ile 0 ya 270 na ya 50 ni kiduara kidogo, na ungeisoma leo bila shida.

Ukitaka kujua thamani ya kitu hiki, angalia namba za Wazungu zenyewe, yaani zile walizokuwa nazo kabla. Unazijua. Ziko kwenye "Darasa la VII" na "Kidato cha IV". Hizo ndizo za Kirumi, na hazina nafasi wala sifuri. Chukua kalamu uzidishe XXVII kwa XIV bila kuzigeuza kwanza kuwa 27 na 14. Mimi nilijaribu, nikakata tamaa.

Mzee yuko sahihi, ila nusu

Kutoka India utaratibu huu ulifika Baghdad. Kiasi cha mwaka 825 msomi aitwaye al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kufundisha hesabu hiyo, na hakuficha alikoitoa: aliiita hesabu ya Wahindi. Hadi leo Waarabu wenyewe wanaziita zile namba za mzee wetu *arqam hindiyya*, yaani tarakimu za Kihindi. Ulaya inasema ni za Waarabu, Waarabu wanasema ni za Wahindi, na sisi Kibirizi tunasema ni za Wazungu. Kila mmoja anamtaja aliyempa.

Kuanzia hapo njia ziligawanyika. Upande wa mashariki, kutoka Iraki hadi Misri na Omani, mkono wa waandishi ukatoa ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Upande wa magharibi, Afrika Kaskazini na Hispania, mkono mwingine ukatoa maumbo yaliyo karibu na 1 2 3 ya leo. Ndiyo maana ukienda Morocco au Algeria, nchi za Kiarabu kabisa, bei dukani imeandikwa kwa 1 2 3.

Na Ulaya ilizipataje? Kijana wa Pisa aitwaye Leonardo, maarufu kama Fibonacci, alijifunza tarakimu hizi kwenye bandari ya Afrika. Baba yake alifanya kazi Bugia, ambayo leo ni Béjaïa, Algeria. Mwaka 1202 akaandika kitabu cha kuwaeleza wafanyabiashara wa kwao alama tisa za Wahindi pamoja na sifuri. Hawakuzipokea kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia kwenye vitabu vyao vya hesabu. Tarakimu ambazo leo tunaziita za Kizungu, Wazungu wenyewe walizionea mashaka.

Mkanganyiko wenyewe hauko Kigoma peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani ya kupima maoni, CivicScience, iliwauliza watu kama shule za Marekani zifundishe tarakimu za Kiarabu. Asilimia 56 walisema hapana. Walikuwa wanakataa 1, 2 na 3 bila kujua.

Ndugu wawili wanakutana

Sasa turudi ziwani. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wameshatangulia. Njia ile ya misafara kutoka pwani ndiyo iliyoleta Kurani, mwandiko wa Kiarabu, na tarakimu za mashariki. Baadaye wakaja wamisionari na Wajerumani, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Huku nako zikaja 1 2 3. Mtoto wa Ujiji hadi leo anasoma 7 asubuhi shuleni na ٧ jioni madrasa, na hakuna anayemwambia kwamba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja waliopotezana zaidi ya miaka elfu moja.

Usiniamini mimi, amini sarafu. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu ya shaba ya pesa moja. Upande mmoja una tai, maandishi ya Kijerumani na mwaka 1890. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria ١٣٠٧, yaani 1307. Njia zote mbili kwenye sarafu moja, mgongo kwa mgongo. Ndugu wamekutana na hata hawakusalimiana.

Ukiziweka sambamba utaona undugu. ١ na 1 ni ileile. ٩ na 9 pia. Geuza karatasi ubavuni kuelekea kushoto, ٢ na ٣ zinaanza kufanana na 2 na 3. Na ile sifuri ya nukta, ٠, usidhani ni duara lililosinyaa. Huko Asia nukta ilitumika mapema sana: kuna jiwe la Kambodia la mwaka 683 ambalo sifuri yake ni nukta.

Jina lenyewe nalo lilipita njia mbili. Wahindi walisema *shunya*, maana yake tupu. Waarabu wakatafsiri: *sifr*, tupu. Neno hilo likashuka pwani yetu likawa "sifuri". Lilelile likapanda Ulaya, Fibonacci akaliandika *zephirum*, likafupishwa likawa zero, kisha likatufikia kwa shule likawa "ziro". Kijana wetu aliyekuwa anapata ziro alikuwa anapata sifuri. Ni neno moja lenye tiketi mbili.

Na sisi je?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Alama za kuandikia namba zilitoka nje. Kuhesabu hakukutoka nje.

Hesabu moja mpaka kumi. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Zilizobaki, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi, ni za Kibantu, za zamani kuliko msafara wowote. Hata zile tatu zilikuwa na wenyewe: Kiswahili cha zamani kilisema tandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Saba nayo bado imejificha kwenye neno fungate, zile siku saba za maharusi. Msikilize muuza migebuka kutoka Burundi akihesabu kwa Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha: sita ni *gatandatu*, tisa ni *icenda*. Tandatu na kenda hazikufa, zipo hapahapa ufukweni.

Utaratibu wa makumi nao ulikuwepo. Kirundi kinaita ishirini *mirongo ibiri*, yaani makumi mawili. Kwenye biashara ya misafara shanga ndizo zilikuwa hela, na uzi mmoja uliitwa khete. Khete kumi zilifanya fundo moja. Mtu aliyejua fundo tatu na khete saba ni sawa na khete thelathini na saba alikuwa na nafasi ya mamoja na nafasi ya makumi, ila alizibeba kichwani na mkononi. Kilichokuja ni namna ya kuiweka kwenye karatasi.

Sasa msikilize tena yule mama na daftari lake. "Laki moja na elfu thelathini na tano." Laki imetoka India. Moja ni ya Kibantu. Elfu na thelathini ni za Kiarabu. Tano ni ya Kibantu. Kisha anaandika 135,000, alama zilizotoka India zikapita Baghdad, zikapita Algeria, zikapita Italia, zikaja na reli. Hajawahi kuuliza ruhusa kwa mtu kuzitumia, na hesabu yake haikosei hata shilingi mia.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kibirizi, ni kweli kwamba hatukuzibuni alama hizi. Lakini na Mjerumani hakuzibuni, na Mwitaliano alizifuata Afrika, na Mwarabu alisema wazi amezitoa kwa Mhindi. Karibu kila anayezitumia duniani alizipokea kutoka kwa mwenzake, akajifunza kwa shida, wengine wakizipiga marufuku kwanza. Kama kuzipokea kunamzuia mtu kuzimudu, basi Ulaya nzima ingekuwa na ziro.

Wewe msomaji, kama una bibi au babu anayehesabu kwa Kiha, Kirundi, Kibembe au lugha yoyote ya huku ziwani, mwombe akuhesabie hadi kumi. Sikiliza vizuri akifika sita na tisa, halafu mwombe aendelee hadi ishirini.