Usitupe Hizo CD Bado

Wasee, juzi nilitoa katoni chini ya kitanda cha brathe. CD za PlayStation! Tekken 3 iko, imekwaruzwa kama sufuria. Brathe mwenyewe yuko Doha, kazi ya ulinzi, na mashine yake ilikufa kitambo. Lakini mimi nina PSP ya mitumba bado inawaka. Nikajiuliza, hizi gemu si zinaweza kuhamia huku?

Zinaweza. Chuo niliacha, kwa hivyo sijifanyi mwanahistoria, lakini hii hadithi ni tamu.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994. PSP ikafuata Desemba 2004, miaka kumi kamili. Prosesa zao ni za ukoo mmoja, MIPS. Ile ya sebuleni ilikimbia megahezi 33 hivi. Hii ya mfukoni inafika 333. Yaani mjukuu anaelewa lugha ya babu, na ana mbio mara kumi.

Sony walijua. Novemba 2006 walitoa sasisho la 3.00, ndani yake programu ya kuchezesha gemu za PlayStation kwenye PSP. Shida ni kwamba ilikubali tu gemu ulizonunua upya kwa duka lao la mtandaoni, na mwanzoni ulihitaji PS3 ndio uzipakue. CD uliyolipia 1998? Haikuhesabika.

Hapo ndipo mashabiki waliingia. Mmoja aliyejulikana mtandaoni kama Dark_AleX alifungua mfumo wa PSP, programu hiyohiyo ya Sony ikaanza kukubali gemu kutoka CD yako. Unaisoma CD kwa kompyuta iwe faili, unaipakia upya iwe EBOOT.PBP, unaiweka kwa folda ya GAME kwenye memori kadi. Basi. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuja na CD tatu. Leo zote zinatoshea kwa kadi ndogo kuliko kiberiti.

Najua mtauliza, huo si wizi? Tusidanganyane. CD nyingi mtaani zilikuwa za kunakiliwa, na kupakua gemu ambayo hujawahi kulipia si kuhifadhi historia. Lakini kuokoa CD yako mwenyewe ni kitu kingine. Julai 2021 Sony walizima ununuzi kwenye PSP. Duka hufungwa. CD nayo huoza polepole. Kinachobaki ni kile mtu alijisumbua kunakili.

Tekken ya brathe ilikwama mara mbili ikisomwa. Nikaiosha kwa maji na sabuni, nikaipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, ikapita mara ya tatu. Nikamtumia video. Alijibu usiku, akiwa zamu: "Usiguse Eddy. Huyo ni wangu."

Kwa hivyo angalia chini ya kitanda chenu. Leo, si kesho.