Risasi Zilizotoka Baharini: Kazi ya Moshi, 1915

Mapigano ya Jasini, kaskazini mwa Tanga, kwenye mpaka wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, Januari 1915 katika Vita Kuu ya Kwanza, yaliwapa Wajerumani ushindi uliomtia wasiwasi kamanda wao mwenyewe. Paul von Lettow-Vorbeck alipiga hesabu akakuta risasi 200,000 zimekwisha. Kwa akiba iliyobaki, aliona angeweza kupigana mapigano ya namna ile mara tatu tu, basi. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani. Nyara walizopata kwa Waingereza huko Tanga Novemba 1914 zilikuwa nyingi, risasi 600,000, lakini risasi ya Kiingereza haiingii katika bunduki ya Mauser. Askari wengi walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti ya zamani, ambayo kila ikilia hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui alipo mpigaji.

Aprili 1915 ikaja meli kutoka Ujerumani. Jina lake lilikuwa Rubens, ila ilisafiri kama meli ya Denmark iitwayo Kronborg, chini ya nahodha Carl Christiansen. Manowari Hyacinth iliifukuza mpaka ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikaipiga mizinga. Christiansen aliizamisha kwenye maji mafupi na kuwasha moto mbao zilizokuwa sitahani. Waingereza walipoona moshi na ndimi za moto waliamini shehena yote imeteketea, wakaondoka. Kumbe bunduki na mamilioni ya risasi vilikuwa salama chini ya maji, na vikaopolewa.

Vitabu vingi husimulia habari hii mpaka hapo, kisha hukimbilia mapigano yanayofuata. Mimi naona kazi kubwa ilianza baada ya hapo. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia ndani ya risasi. Baruti na fataki ziliendelea kuharibika, na kila siku risasi zilizokataa kulia ziliongezeka. Ikaamuliwa zilizoharibika zifumuliwe zote.

Risasi moja ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa mbele. Kuifumua ni kung'oa kichwa, kumwaga baruti na kuisafisha, kutoa fataki iliyooza na kutia nzima, kisha kurudisha baruti kwa kipimo na kukaza kichwa mahali pake. Leo mtu anayejaza risasi nyumbani kwake huko Marekani hutumia mashine ya mkono yenye sahani inayozunguka: kila akivuta wenzo, ganda moja hutolewa fataki, jingine hutiwa baruti, jingine hupachikwa kichwa, yote kwa mvuto huo mmoja. Mashine hiyo hutegemea ganda la mtindo wa Edward Boxer, lenye tundu moja katikati ya kitako, ambamo sindano ya chuma hupita na kuisukuma fataki nje. Ganda la Mauser lilifuata mtindo wa Hiram Berdan. Lina vitundu viwili vidogo, na katikati pana kinundu cha shaba ambacho fataki hupondwa juu yake. Sindano haina pa kupita, kwa hiyo kuitoa fataki bila kuliharibu ganda ni kazi ya subira kwa kila risasi. Fataki mpya nazo zilikuwa zile zilizopatikana ndani ya koloni, za mitindo mingine.

Kazi hii ilifanyika Neu-Moshi, mji wa Moshi wa leo, kwenye mwisho wa reli ya Tanga. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba kwa miezi kadhaa askari na watu wengine wote waliopatikana walishughulika nayo kutoka asubuhi hadi usiku. Hakutaja jina la hata mmoja wao. Sifa za kuendesha vita miaka minne kwa msaada mdogo kutoka nje zimemwendea yeye, lakini bila mikono ile ya Moshi, bunduki zilizookolewa Manza zingekuwa magongo tu.

Risasi zilizofumuliwa zilijaribiwa na kugawanywa. Fungu ambalo kiasi cha risasi ishirini katika kila mia zilikataa kulia lilihesabiwa kuwa linafaa vitani. Lililozidi hapo lilitumika kwa mazoezi. Tafakari maana yake kwa aliyelala nyuma ya kichuguu huku adui akisogea: katika kila risasi tano, moja huenda isilie, naye afungue komeo, aitupe, aingize nyingine. Risasi ambazo hazikuharibiwa na maji ziliwekewa bunduki za rasharasha peke yake, na kwa sababu nzuri. Bunduki ya Maxim huendeshwa na teke la risasi yake yenyewe. Moja isipolia, bunduki nzima husimama.

Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliiteka Moshi. Mwezi huohuo meli ya pili, Marie, iliingia ghuba ya Sudi karibu na Lindi na kushusha shehena iliyobebwa bara vichwani mwa wapagazi. Baada yake haikufika nyingine. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma, likawapora Wareno silaha na risasi zao huko Ngomano, na tangu hapo likaishi kwa nyara. Lilipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki 1,071 zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Katika bunduki zake 37 za rasharasha, za Kijerumani zilikuwa saba.