Frasila Mbili Begani

Nilipakia mizigo ya ndege Dar es Salaam kwa miaka 33, tangu mwaka 1986 hadi nilipostaafu. Abiria hulijua begi lake kwa rangi, au kwa kitambaa chekundu alichofunga kwenye mshikio. Sisi tuliyajua mabegi kwa uzito. La kilo 20 linanyanyuka kwa pumzi moja. La kilo 25 linataka ukunje magoti kwanza. La kilo 32 unamwita mwenzio, na kama mwenzio yuko mbali, unamsubiri.

Kwetu ni Tabora. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akitusimulia habari za baba mkwe wake aliyekuwa mpagazi. Alishuka Bagamoyo mara nne akiwa na pembe begani, akarudi mara nne akiwa na mtumba wa nguo. Uzeeni bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na wajukuu waliruhusiwa kuigusa. Utotoni niliyasikiliza haya kama hadithi nyingine za jioni. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma habari za misafara, na humo nikakutana na namba niliyoifahamu vizuri kuliko jina la mtaa wangu.

Pwani yote biashara ilipimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama ratli 35, yaani kilo 16. Mzigo wa mpagazi aliyekomaa ulikuwa ratli 60 hadi 70, na ratli 70 ni frasila mbili kamili. Zigeuze kuwa kilo, unapata 32. Ndiyo namba ambayo mashirika ya ndege yameiweka kuwa mwisho wa begi moja. Likizidi hapo linapelekwa kwenye mizigo ya kibiashara. Karne moja na nusu imepita, treni na ndege zimekuja, lakini mwili wa binadamu haujabadilika. Kipimo kimerudi palepale alipokiacha babu yangu.

Neno mtumba lenyewe linatoka huko. Leo ukisema mitumba watu wanafikiria nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani. Zamani mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha mzigo wa mtu mmoja. Ndani yake mlikuwa na merikani, ile nguo nyeupe iliyotoka Marekani, na kaniki ya Bara Hindi. Nguo zilikunjwa, zikashindiliwa mpaka robota likawa refu na gumu kama mto mrefu wa kitanda, likazungushiwa kitambaa kikuukuu na kukazwa kwa kamba ya usumba. Lilipaswa kukaa begani bila kupinda, livumilie mvua, na litupwe chini kila jioni bila kupasuka. Mimi niliyeshika maelfu ya mabegi nasema wazi kwamba waliofunga mitumba ile Bagamoyo na Unguja walikuwa mafundi.

Vitu vizito visivyogawanyika, kama pembe kubwa mno, vilining'inizwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili. Aliyeweza kubeba pembe kubwa peke yake alikuwa na heshima yake msafarani. Kwa Wanyamwezi safari ya pwani ilikuwa pia jando la namna yake: kijana ambaye hajaona bahari hakuhesabiwa mwanamume kamili. Na safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitoka pwani tarehe 27 Juni, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba. Ni siku 134. Mwaka 1871 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo na mizigo ya tani zipatazo sita, akaigawa katika misafara mitano. Jina lake limo katika vitabu vya shule. Tani sita zile zilikwenda juu ya mabega ya watu ambao wengi wao hatuwajui hata kwa jina.

Na mpagazi mwenyewe alifungasha nini? Juu ya frasila mbili za tajiri aliongeza mkeka wa kulalia, chungu cha kupikia, kibuyu cha maji, posho ya siku chache na silaha yake. Basi. Miezi mitatu, minne, kwa vitu unavyoweza kuvimaliza kuvitaja kabla hujavuta pumzi ya pili. Siku hizi watu wanafundishana kusafiri na mizigo midogo kana kwamba ni maarifa mapya. Wazee wetu waliyajua kwa sababu kila kitu cha ziada kilipita kwenye bega lao wenyewe, na bega halisahau.

Jambo jingine walilolijua ni kukataa. Mizigo ilipogawanywa asubuhi, mpagazi aliupima wake kwa mkono, na kama umezidi aliuweka chini. Mmoja akiweka chini, wengine wakafuata, na msafara mzima ukasimama mpaka kiongozi na tajiri wakae wazungumze. Wengine waliondoka usiku, wakauacha mzigo ulipo. Wasafiri wa Kizungu waliandika mambo haya kwa hasira, wakiyaita uvivu. Mimi nikiyasoma naona watu wa kazi wanaolinda kipimo chao. Ratli 70 haikushuka kutoka mbinguni. Iliwekwa na watu waliosema: hapa, basi.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya mabega ikaanza kufa. Lakini mwaka huohuo wa 1914 vita vikaanza, na Waingereza wakawakusanya watu wetu kwa mamia ya maelfu wabebe chakula na risasi za majeshi. Hawa hawakuwa wapagazi wa kupatana ujira na kuweka mzigo chini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kambi ya kikosi chao hapa Dar es Salaam ilituachia jina la Kariakoo, na Nairobi nako wanayo Kariokor yao. Kila siku tunapanda daladala za Kariakoo bila kukumbuka kwamba tunataja jina la watu waliobebeshwa bila kupimiwa.

Ndege zilipoanza kupita kwetu, mizani ilirudi kwa nguvu mpya. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilifikisha huduma yake Mwanza, na mwaka uliofuata njia ikaendelea hadi Cape Town, ndege zikitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, zikashukia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Injini zilikuwa dhaifu na kila kilo ilikuwa na hesabu yake, kwa hiyo abiria mwenyewe alisimama juu ya mizani pamoja na sanduku lake. Baadaye ukazoeleka utaratibu wa safari za kimataifa: kilo 20 kwa daraja la kawaida, kilo 30 kwa daraja la kwanza. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, ilirusha ndege zake katika zama za kilo hizo 20. Wanafunzi waliokwenda kusoma Ulaya miaka ile walijua kuchagua: koti au vitabu.

Miaka ya 1970, kwanza katika safari za Marekani, ukaja utaratibu wa kuhesabu mabegi badala ya kujumlisha kilo: mabegi mawili, kila moja hadi kilo 32. Katikati ya miaka ya 2000 mashirika mengi yakashusha begi la daraja la kawaida hadi kilo 23. Wasafiri walilalamika sana. Sisi tulishukuru. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilikuwa imekokotoa uzito ambao mfanyakazi anaweza kuunyanyua bila kuumia, mazingira yakiwa mazuri kabisa, ikapata kilo 23. Ndiyo maana begi linalopita hapo hubandikwa lebo ya kuonya kwamba ni zito. Lebo ile haimhusu abiria. Ni salamu kutoka kaunta kwenda kwa mtu aliyeko chini.

Huko chini ndiko watu wasikokujua. Katika ndege ndogo za abiria tumbo la mizigo ni fupi, huwezi kusimama. Unapiga magoti, begi linakujia kwenye mkanda, unalipokea, unageuka kiuno, unamsukumia mwenzio aliyeko ndani zaidi, naye analipanga. Abiria 100 wa kilo 20 ni tani mbili, na kila begi linashikwa mara nne kabla mlango haujafungwa. Jua la saa saba mchana likipiga bati la ndege, jasho linakuingia machoni na huna mkono wa kulifuta.

Nilipoanza kazi, milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa na wafanyabiashara wetu wameanza kufuata bidhaa Dubai. Walirudi na shangazi kaja, ile mifuko ya plastiki yenye mistari ya miraba, imefungwa kwa kamba na gundi mpaka imekuwa kama magogo. Niliwaheshimu, wengi walikuwa akina mama wanaosomesha watoto. Lakini siku moja ya mwaka 1993 ulinijia mfuko wa kilo 41. Mwenyewe alikuwa amelipia uzito wa ziada huko alikotoka, kwa hiyo ulipita. Pesa ya kilo zile ililipwa kaunta. Kilo zenyewe zilishuka kwetu. Niliugeuza, nikasikia kitu kikikatika kiunoni, nikalala miezi miwili. Mpaka leo sikai kiti kisicho na egemeo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka ya 1970 Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku lenye magurudumu, na mwaka 1987 rubani Robert Plath akabuni lile la kusimama lenye mshikio mrefu. Ni neema kwa wazee na kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Lakini magurudumu yaligeuza hata mzigo wako mwenyewe kuwa kanda la usufi. Unalivuta sanduku kutoka chumbani hadi garini, kutoka garini hadi kaunta, na hujui umejaza nini. Anayekuja kulijua ni yule wa kwanza kulinyanyua, naye kule alipo halivutiki.

Mwaka jana binti yangu anayefanya kazi ya uuguzi Birmingham aliniita nikamwone mjukuu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri kwa ndege nilizozipakia maisha yote. Majirani walileta vya kupeleka: unga wa muhogo, kanga za doti kumi, chungu cha kupikia. Nikachukua kanga mbili, asali ya Tabora kopo moja la kilo na nusu, na nguo za baridi. Begi nililijaribu kama nilivyowafundisha vijana kazini: lipandishe mezani mwenyewe mara kumi mfululizo. Ukishindwa ya saba, fungua upunguze.

Kaunta mizani ilisoma 18. Binti aliyekuwa akihudumia akanitazama kwa huruma. "Baba, bado una kilo tano. Huna cha kuongeza?"

"Sina, mwanangu. Hizo tano nimemwachia kijana aliyepiga magoti huko chini."

Akalifunga lebo, nalo likaondoka kwenye mkanda. Nililisindikiza kwa macho mpaka likapita pazia la mpira. Nyuma ya pazia lile mimi nayajua mabega yanayolisubiri.