Kumlisha Paka Nyama Mbichi: Hukumu Yake, Twahara ya Nyumba na Usalama wa Familia

 

SWALI

Tumeulizwa na familia moja ya Unguja inayoishi Vwawa kwa sababu ya kazi. Walihama na paka wao. Alipokuwa Unguja akila vichwa vya samaki, lakini huko bara samaki wa bahari hapatikani kwa urahisi, kwa hiyo wakaanza kumpa mabaki ya bucha, mabichi kama yalivyo. Baadaye jirani akawapa nyama ya ndama aliyekufa bila ya kuchinjwa, na jirani mwengine akajitolea kuwapa bure mabaki ya nyama ya nguruwe. Mkaza mwana wao ni mjamzito, na ameambiwa kuwa paka huharibu mimba. Mzee wa nyumba anataka paka akatupwe sokoni. Wanauliza: lipi la halali, lipi la haramu, na paka wafanye naye nini?

JIBU KWA UFUPI

Inajuzu kumlisha paka nyama mbichi ya mnyama aliyechinjwa. Nyamafu, asili yake ni ruhusa kulishwa paka, lakini haijuzu kuinunua, na huachwa ikiwa inakhofiwa madhara. Nguruwe asinunuliwe wala asiingizwe nyumbani kwa ajili ya paka. Ama paka mwenyewe, asitupwe. Mjamzito atakingwa kwa usafi na kwa kupika, na si kwa kumdhulumu mnyama.

UFAFANUZI

1. Paka ni twahara, na chakula chake ni dhima ya mfugaji

Paka si najisi. Abu Qatada (r.a.) alitengewa maji ya kutawadha na Kabsha bint Ka'b, mke wa mwanawe. Paka akaja, naye akamuinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipoonekana kustaajabu, Abu Qatada akamueleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia katika wadudu wa ardhini. Mafaqihi wametoa hapo hukumu iliyo wazi. Anayemfungia mnyama analazimika kumlisha. Anayemwacha huru, na mnyama akaweza kujitafutia cha kumtosha, huyo hana lawama. Paka aliyelelewa ndani miaka mingi, kisha akatupwa katika soko la mji asioujua, hawezi kuhesabiwa kuwa ameachwa huru. Huko ni kumtelekeza.

2. Nyama mbichi ya halali

Asili ya mambo ni ruhusa, na paka ameumbwa kuwa mla nyama. Damu inayobaki ndani ya nyama na mishipa baada ya kuchinjwa imesamehewa. Damu inayochuruzika wakati wa kuchinja ndiyo najisi, na haifai kukingwa na kuletwa nyumbani.

Mabaki ya bucha kama mapafu, moyo, bandama na vipande vya ini ni riziki njema kwa paka, na kuyatumia kunaepusha israfu. Mwenye kumnunulia paka wake steki ilhali jirani yake analala na njaa, ajihisabu mwenyewe kabla hajahisabiwa.

3. Nyamafu

Ndama aliyekufa bila ya kuchinjwa ni nyamafu, nayo ni najisi na ni haramu kwa mwanadamu kuila pasipo dharura. Je, paka naye? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwemo Imam Nawawi, wamejuzisha kuwalisha nyamafu wanyama kama mbwa na ndege wa kuwindia. Karibu na hilo ni kisa cha msafara uliopita katika miji ya Thamud: watu walikanda unga kwa maji ya visima vya pale, Mtume (s.a.w.) akawakataza kuula ule unga, akaamrisha walishwe ngamia. Kwa hiyo si kila kilichokatazwa kwa mtu kimekatazwa kwa mnyama.

Lakini kuna mipaka mitatu. Kwanza, nyamafu haiuzwi wala hainunuliwi. Imethibiti kwa Jabir (r.a.) kuwa Allah na Mtume wake wameharamisha kuuza pombe, nyamafu, nguruwe na masanamu. Pili, iwe na chombo chake na kisu chake, na kilichoguswa kioshwe mpaka rangi, harufu na ladha vitoke. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, isilete madhara. Mnyama aliyekufa ghafla huenda kafa kwa kimeta, na kimeta humwingia mtu kwa kumchuna au kuishika tu nyama yake. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa pasipo kujulikana sababu asichunwe wala asikatwe. Aarifiwe afisa mifugo, kisha azikwe. Hapo ile ruhusa ya asili inakwisha, kwani sharia yetu haikubali mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe.

4. Nguruwe

Wilaya ya Mbozi, ambamo mji wa Vwawa umo, ni maarufu kwa kahawa, na pia kwa ufugaji wa nguruwe. Muislamu aliyehamia huko kutoka visiwani hukutana na jambo hili kila siku, na jirani anayempa mabaki ya kitimoto kwa ajili ya paka mara nyingi amekusudia wema. Akataliwe kwa maneno mazuri na kwa shukrani.

Sababu za kukataa ni hizi. Kumnunua nguruwe ni haramu hata kama mlaji ni paka. Akitolewa bure, bado kumbeba na kumkata ni kujipaka najisi pasipo haja, na hilo limekatazwa. Isitoshe, kwa kauli mashuhuri ya madhehebu yetu, kilichoguswa na nguruwe pakiwa na majimaji huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Nani atakayeweza kuosha hivyo sakafu, mkeka na kisu kila siku?

Upande wa afya nao una neno. Mbozi ni katika maeneo ya Tanzania yaliyotafitiwa sana kuhusu tegu wa nguruwe, na utafiti mmojawapo ulichapishwa mwaka 2013. Mtu hupata tegu huyo kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, na mtu mwengine akiyameza kupitia maji, mboga au mikono, huweza kupata uvimbe kwenye ubongo na kifafa. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe katika maisha yake aoshe mikono na mboga.

Paka akijitokea mwenyewe akala jalalani, mwenye paka hana dhambi.

5. Nyama isiyojulikana mchinjaji

Mwaka 2013 mji wa Tunduma, jirani na Vwawa, ulikumbwa na vurugu za kugombea nani achinje. Hatupendi kuona jeraha hilo likitoneshwa kwa sababu ya chakula cha paka. Nyama inayoliwa na watu wa nyumba itafutwe kwa mchinjaji anayeaminika. Mabaki ya paka nayo, ikiwa yananunuliwa, yanunuliwe hapo hapo. Yakitolewa bure na bucha nyengine isiyouza nguruwe, hukumu yake haizidi ile ya nyamafu tuliyoitaja: inajuzu kumpa paka, na chombo kitengwe. Hapana haja ya kubishana na mwenye bucha.

6. Mdomo wa paka aliyekula najisi

Wengi huuliza: paka aliyekula nyamafu akija kunywa katika ndoo ya maji ya udhu, maji yananajisika? Ikiwa ameonekana ana najisi mdomoni na hapo hapo akanywa maji machache, yaani yasiyofika qulatein, ambayo ni zaidi ya lita 200, maji hayo yamenajisika. Ikiwa amekwenda zake na kutoonekana kwa muda, kiasi cha kuwezekana kuwa amekunywa maji mengi mahali na mdomo wake ukatwahirika, basi maji yanabaki katika twahara. Hii ndiyo kauli sahihi zaidi kwa Mashafi. Dini haikuja kututia wasiwasi, na rahisi kuliko yote ni kuyafunika maji.

7. Mbichi au iliyopikwa?

Wapo wanaosema paka hula kibichi porini, basi kibichi ndicho bora. Hutaja majaribio ya daktari wa Marekani, Francis Pottenger, ya miaka ya 1930, ambapo paka waliolishwa nyama iliyopikwa walidhoofika. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na hasa katika moyo. Akikikosa, macho na moyo wake huharibika. Kirutubisho hiki huingia kwenye mchuzi nyama inapochemshwa. Dawa yake ni kumpa nyama pamoja na mchuzi wake, usiotiwa chumvi, kitunguu wala kitunguu thomu, kwani vitunguu ni sumu kwa paka.

Nyama mbichi kwa upande wake huchukua vijidudu kama salmonela, ambavyo paka huvivumilia lakini mtoto na mzee huugua. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kutohimiza kulisha mbwa na paka nyama mbichi. Mwezi Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, paka alikufa kwa homa ya mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi kilichogandishwa. Kugandisha hakuui kila kitu.

Kwa hiyo tunaloliona ni hili: kibichi kinajuzu, na kilichochemshwa ni bora, hasa penye mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa. Na yazingatiwe haya:

- Nyama tupu kila siku haitoshi, kwa sababu haina chokaa ya kutosha. Paka mdogo anayelishwa hivyo mifupa yake hudhoofika.
- Mifupa iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma ndani.
- Ini liwe kidogo. Likizidi kwa muda mrefu humharibu viungo.
- Walioko visiwani wajue kuwa baadhi ya samaki wabichi, wakiwa chakula cha kila siku, humpotezea paka vitamini B1. Kuchemsha kunaondoa tatizo hilo. Dagaa wetu waliochemshwa na kuanikwa wanafaa, na huko bara pia wanapatikana, lakini waroekwe na kuoshwa chumvi kwanza.

8. Mjamzito na paka

Maneno kwamba paka huharibu mimba yana chembe ya ukweli iliyokuzwa. Kipo kijidudu kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha hukitoa katika kinyesi chake kwa muda wa wiki moja mpaka tatu hivi, mara nyingi mara moja tu katika maisha yake. Kinyesi hicho huanza kuambukiza baada ya siku 1 mpaka 5. Mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni huweza kudhurika.

Kumshika paka au kukaa naye chumba kimoja si njia kubwa ya maambukizi. Watu wengi huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva, na kwa udongo au mboga zisizooshwa. Kumtupa paka, huku mishikaki ikiliwa mibichi kati, hakumkingi mjamzito.

La kufanya: kinyesi kiondolewe kila siku, na kazi hiyo aifanye mtu mwengine wa nyumba. Paka asipewe kibichi muda wote wa mimba. Mjamzito asikatekate nyama mbichi ya paka, aoshe mikono na mboga, na amweleze mkunga wake kliniki kuwa nyumbani kuna paka.

NASAHA

Ndugu muulizaji, mwambie mzee kwa adabu kwamba khofu yake juu ya mjukuu ni khofu ya kheri, na sharia imeizingatia. Lakini njia ya kumlinda mjukuu ipo, na haipiti kwa kumtupa kiumbe aliyetoka nanyi Unguja, akavuka bahari na safari yote ya bara, hana anayemjua huko isipokuwa nyinyi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa katika kila chenye uhai mna ujira. Sufuria ndogo ya moyo na mapafu, iliyochemshwa bila chumvi, inatosha kuwa chakula cha paka, usalama wa mama na sadaka ya nyumba. Mkimshindwa kabisa, mtafutieni mtu mwaminifu wa kumlea.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.