Teke la Bunduki Kubwa na Masikio ya Mbeba Bunduki

Breki ya mdomo wa bunduki ni kipande cha chuma chenye matundu, kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu ili kupunguza teke. Gesi ya baruti hutoka nyuma ya risasi kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Kuta za breki huikinga gesi hiyo na kuigeuza kando au nyuma. Gesi inapozigonga kuta, bunduki huvutwa mbele wakati ule ule bega linapopokea teke. Katika maandishi ya wawindaji hurudiwa dai kwamba kifaa hiki kilichelewa kufika Afrika Mashariki kwa kuwa wazee wa enzi hizo walikuwa na mabega ya chuma. Historia ya Ankole, nchi ya kusini-magharibi mwa Uganda yenye Mbarara na Nakivale, pamoja na majirani zake, inaonyesha jambo jingine. Bunduki za kale zilikuwa na gesi kidogo mno ya kukingwa, na sehemu kubwa ya adha ya kishindo iliwaangukia watu ambao hawakuandika vitabu.

Gobori la mafundi wa tembo wa karne ya 19 lilishindiliwa baruti kwa kukadiria, na teke lake lilikuwa la kukadiria vilevile. Mfano wa kupindukia ni bunduki ya Samuel Baker, aliyefika Bunyoro na kuliona Ziwa Albert mwaka 1864. Silaha hiyo, kazi ya Holland wa London, ilirusha kombora la nusu ratili, yaani takriban gramu 227. Watu wake waliokuwa wakisema Kiarabu waliibandika jina la mtoto wa mzinga. Baker mwenyewe alikiri kwamba ilimzungusha kila alipoifyatua, na kwamba aliifyatua kwa nadra.

Ankole iliingia katika historia ya teke mwaka 1889, Mbarara ikiwa bado haijawa kituo cha Waingereza. Msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa ukimrudisha gavana Emin Pasha pwani, ulikatiza nchi ya Omugabe (mfalme) Ntare V kuelekea mto Kagera ukiwa na bombomu la Maxim. Hiram Maxim alikuwa amefanya kinyume cha mawazo ya wenzake: badala ya kulipunguza teke, alilifanyisha kazi. Mtutu uliporudi nyuma ulitoa ganda lililotumika na kupakia risasi mpya. Bombomu hilo hilo, limechakaa, lilimsindikiza afisa Mwingereza Frederick Lugard alipopita nchi hizi mwaka 1891. Maxim alizeeka akiwa kiziwi baada ya miaka mingi ya kukaa karibu na silaha zake, na mwanawe, Hiram Percy Maxim, akapata hataza ya kizuia sauti mwaka 1909. Yanayoelezwa kwa kirefu ni masikio ya mvumbuzi. Ya wapagazi waliolibeba bombomu hayakuandikwa popote.

Mzozo mkubwa wa teke, hata hivyo, ulizuka Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, aliwinda huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Alianzia safari zake Mumias na kupita njia zilizokuwa zikitumiwa na misafara ya Waswahili wa pembe. Aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 11 hivi. Kitabu chake cha mwaka 1923 kilishikilia hoja moja: mahali risasi inapoingia pana maana kuliko ukubwa wake, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Bell hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alifanya mazoezi ya kulenga kila siku njiani, bunduki ikiwa tupu.

Upande wa pili walisimama wenye bunduki za mitutu miwili za kipimo cha .470, .577 na .600. Mtetezi wao mashuhuri, John Taylor, alitoa mwaka 1948 kanuni ya kupimia nguvu ya kuangusha mnyama: uzito wa risasi mara kasi yake mara kipenyo chake. Hesabu ni nyepesi na inapendeza, lakini haimpimi anayefyatua wala aliyesimama naye. Walichosema kweli wapinzani wa Bell ni kwamba tembo wake hawakuwa wamezoea bunduki, na kwamba wengi waliomwiga bila ujuzi wake waliacha wanyama waliojeruhiwa porini. Hilo ni kosa la waigaji zaidi kuliko la hoja yenyewe.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili zililipita bila kulitazama. Bunduki ya .577 ina uzito wa kilo 6 hivi, na aghalabu mwenyewe hakuibeba. Aliibeba kijana aliyetembea nyuma yake, akaitoa dakika ya mwisho, akabaki ameshika ya akiba kando ya bega la bwana. Mfuata nyayo naye alikuwa hatua chache mbele. Mlio wa bunduki kubwa hufika desibeli 160 na zaidi, ilhali madaktari wa masikio huanza kuonya kwenye 140. Bunduki nyepesi ya Bell, aliyoweza kuibeba mwenyewe kutwa nzima, iliwapunguzia wenzake mzigo na kishindo, ingawa yeye hakuitetea kwa sababu hiyo.

Je, breki ingezifaa bunduki za tembo? Kidogo tu. Risasi ya .577 ina gramu 48 na ushei, inayosukumwa na gramu 6.5 za baruti. Katika risasi ya kisasa ya .50, iliyobuniwa kwa bombomu la Browning, gramu 42 hivi za risasi husukumwa na takriban gramu 15 za baruti. Breki haiwezi kuligusa teke la risasi yenyewe. Inachokamata ni gesi. Palipo na gesi nyingi faida huonekana, na pasipo na gesi kinachoongezeka ni kelele.

Ndiyo maana breki ilikua mikononi mwa majeshi. Afisa wa mizinga wa Ufaransa, Treuille de Beaulieu, aliijaribu kwenye mizinga katikati ya karne ya 19. Bunduki ya Mauser ya kupigia vifaru ya mwaka 1918, ya milimita 13, haikuwa nayo na ilichukiwa na askari wake. Boys ya Uingereza ya mwaka 1937 ilipewa breki na kitako chenye mto wa mpira, na bado haikupendwa. Barrett ya Marekani, iliyoanza mwaka 1982, ilileta breki yenye umbo la ncha ya mshale ambayo wengi wanaitambua kwa picha. Vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, vilivyolifikisha jeshi la Tanzania Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, vinakumbukwa zaidi kwa roketi za Saba Saba, ambazo hazina teke la kuzuia kwa kuwa gesi yake hutokea nyuma bila kizuizi.

Kusini na mashariki mwa Mbarara, bunduki zilikuwa na kazi nyingine. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanyamapori wa Ankole walipigwa kwa amri ya serikali ili mbung'o wakose damu. Ni katika miaka hiyo, 1958, ambapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa. Waliowapiga wanyama hao hawakuacha kumbukumbu za safari. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, kisha ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba yanayozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo. Huko hakuna tembo. Kuna swala pala, pundamilia na nyati, na hakuna kati yao anayehitaji .50.

Anayechagua breki kwa bunduki kubwa ya masafa marefu ana aina tatu mbele yake. Yenye matundu pande zote ni rahisi kutengeneza, lakini mpigaji akilala chini hutimua vumbi, na kiangazi cha Isingiro, wilaya yenye Nakivale, hakina uhaba wa vumbi. Yenye matundu ya juu hushusha mdomo wa mtutu usiinuke, huku ikipunguza teke kwa kiasi. Yenye mabawa yaliyoelekea nyuma hupunguza teke kuliko zote, nayo huwarudishia walio kando kishindo kikali kuliko zote. Tundu la kati sharti lipite mhimili mmoja na mtutu, la sivyo risasi hugusa ukuta. Breki ikifungwa au ikitolewa, risasi huhama mahali inapopiga, hivyo darubini hurekebishwa upya.

Kwa mpigaji aliye peke yake uwanjani, amevaa vizibo vya masikio, breki ya mabawa ndiyo bora. Porini anapoandamana na mfuata nyayo, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Viongozi wengi wa uwindaji barani Afrika humtaka mteja aifungue breki kabla ya kuondoka kambini, na wengine hukataa kabisa kusimama kando yake ikiwa imefungwa.